Njia ya Bodo: Mtoto anapopewa jina lisilo lake

Ukivuka kivuko cha Likoni asubuhi, msomaji, usikimbilie magari ya Diani pamoja na watalii. Tafuta matatu inayokwenda upande wa Lunga Lunga na ukae dirishani. Utapita Tiwi, utapita Ukunda ambako abiria wengi watashuka, utapita Gazi na mikoko yake, kisha utafika Msambweni, zaidi ya kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Usishuke bado. Mwambie utingo akushushe njia panda ya Bodo, na hapo upande bodaboda inayoshika njia ya kuelekea pwani, katikati ya minazi, mikorosho na mashamba ya mihogo.

Njia hiyo inaishia majini. Bodo ni kijiji cha wavuvi, na ndiko wanakopandia mashua watu wanaokwenda kisiwa cha Funzi, ambacho utakiona ng'ambo. Maji yakijaa, mashua huelea kando ya mikoko. Yakitoka, hubaki matope, kaa na nyayo za watoto. Jirani hapo mto Ramisi unamwaga maji yake baharini. Wenyeji wengi ni Washirazi na Wadigo, na ukisikiliza vizuri utagundua kwamba Kiswahili cha wazee wa huku kina ladha yake, si kile cha redioni.

Wageni wengi huja hapa kwa sababu ya bahari. Leo nakuomba utazame watoto. Katika kijiji kama hiki, mtoto hulelewa nje, machoni pa watu. Akichelewa kutembea, jirani ataona. Akianguka na kutoka povu mdomoni, nusu ya kijiji itajua kabla ya magharibi. Akifika miaka minne hajasema neno, mwalimu wa madrasa atakuwa wa kwanza kuuliza. Kwa hiyo tatizo la kijiji si kutoona. Kazi huanza baada ya kuona, pale watu wanapoulizana: mtoto huyu ana nini? Jina litakalotajwa siku hiyo ndilo litakaloamua mama atashika njia gani, na mtoto atakuwa na umri gani atakapofika kwa daktari.

DEGE, NYUNI NA JINI

Chukua ugonjwa mmoja tu, ule wa mtoto mchanga kushikwa na homa kali, macho yakapinduka na mwili ukatetemeka. Waswahili wameuita degedege tangu zamani, na neno lenyewe linatokana na ndege. Miongoni mwa ndugu zao Wamijikenda, ugonjwa huo huitwa nyuni, na nyuni pia ni ndege. Wazee waliamini kwamba kuna ndege, au pepo mwenye umbo la ndege, apitaye juu ya mtoto na kumtikisa. Ukiwa na imani hiyo, ni jambo la akili kabisa kumpeleka mtoto kwa mganga amfukize na kumfunga hirizi. Ndege hafukuzwi kwa sindano. Hata imeenea katika pwani yote, Kenya na Tanzania, hofu kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano atakufa.

Tusiwacheke wazee. Wao walitazama wakaona kwamba mtoto mwenye homa hutetemeka ghafla kama ndege aliyenaswa, na wakatafuta neno. Lakini leo tunajua zaidi. Homa yenyewe inaweza kumtikisa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, na mara nyingi degedege fupi la namna hiyo hupita bila kuacha alama. Hatari ni pale homa inapotokana na malaria iliyopanda kichwani, au uti wa mgongo. Hapo kila saa inayopotea inaweza kuchukua sehemu ya akili ya mtoto. Mtoto anaweza kupona homa, akarudi nyumbani akicheka, lakini miezi michache baadaye akawa hasikii vizuri, au anaburuta mguu, au amekuwa mzito wa kusema na kushika mambo. Kijiji hakitakumbuka malaria. Kitasema jini limemwachia mtoto alama yake.

Kwa hiyo weka haya moyoni. Mtoto akishikwa na degedege mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, wala usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Tazama saa. Likipita dakika 5, au likirudi tena, mkimbize hospitali bila kungoja. Na hata likiisha upesi, homa yake lazima ipimwe malaria siku hiyo hiyo.

KILIFI WALIHESABU

Huenda ukafikiri kwamba watoto wa namna hii ni wachache, mmoja katika tarafa nzima. Ili kupata jibu itatubidi tuvuke tena Likoni na kwenda kaskazini hadi Kilifi, ambako kituo cha utafiti cha KEMRI na shirika la Wellcome la Uingereza kimekuwa kikifanya kazi tangu 1989. Maisha ya huko hayako mbali na ya Kwale: kilimo, uvuvi, malaria, na watu wa ukoo mmoja wa Mijikenda.

Watafiti wa Kilifi waliwapitia watoto zaidi ya 10,000 wa miaka 6 hadi 9 nyumba kwa nyumba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2006 yalionyesha kwamba watoto wapatao 61 katika kila 1000 walikuwa na kasoro ya ubongo au ya fahamu, ya kadiri au kubwa. Kifafa ndicho kilichoongoza. Hebu ligeuze hesabu hilo liwe shule: katika shule ya watoto 500, wapo 30 wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba baadhi yao hawako shuleni, wako nyumbani.

Miaka michache baadaye, mwaka wa 2013, utafiti mwingine uliojumlisha Kilifi, Ifakara ya Tanzania, Iganga na Mayuge za Uganda, pamoja na sehemu za Ghana na Afrika Kusini, ulitafuta chanzo cha kifafa. Miongoni mwa sababu zilizojitokeza ni matatizo wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, na maambukizi ya vimelea. Yote hayo yana kinga: mama kujifungulia mahali penye mkunga aliyesomea, chandarua, choo safi.

Kifafa chenyewe hakiambukizi. Povu la mtoto aliyeanguka halina sumu, na anayemshika hapati ugonjwa. Dawa zake ni za kumeza, nyingine ni za bei nafuu, na watoto wengi wakizimeza kila siku bila kukatiza huacha kuanguka. Lakini katika kijiji cha wavuvi kuna jambo ambalo daktari wa mjini anaweza kusahau kulitaja: mtoto wa kifafa anaweza kufa kwa maji au kwa moto anapoanguka. Asiingie baharini peke yake, asipande mtumbwi bila mtu mzima, asiachwe karibu na mafiga. Hiyo ni dawa isiyonunuliwa.

MASWALI KUMI

Watafiti hao walianzaje kuwatambua watoto 10,000? Hawakuanza na mashine. Walianza na maswali kumi ambayo yametumika katika nchi nyingi maskini tangu miaka ya 1980, na ambayo mtu yeyote aliyefunzwa kidogo anaweza kumuuliza mama akiwa amekaa mkekani. Maswali yenyewe ni ya watoto wa miaka 2 hadi 9, na kwa maneno yetu wenyewe yanahusu mambo haya:

Je, mtoto alichelewa mno kukaa, kusimama au kutembea kuliko wenzake? Anaona vizuri, mchana na usiku? Anasikia? Ukimwambia jambo, anaelewa? Ana udhaifu au ukakamavu wa mikono au miguu? Huwa anaanguka, kukakamaa au kupoteza fahamu? Anajifunza mambo kama watoto wa rika lake? Anasema chochote? Maneno yake yanaeleweka na watu wasio wa nyumbani? Na ukimlinganisha na wenzake, unamwona yuko nyuma kiakili?

Jibu baya kwa swali moja si hukumu kwamba mtoto mgonjwa. Ni ishara kwamba apelekwe apimwe. Angalia pia, msomaji, kwamba hakuna swali hata moja linalouliza nani alimroga, wala mama alikula nini mimba ilipokuwa changa. Maswali yote yanamtazama mtoto mwenyewe.

Watafiti wa Kilifi hawakuishia hapo. Vipimo vingi vya maendeleo ya mtoto vilitungwa Ulaya na Marekani, na humuuliza mtoto vitu ambavyo hajapata kuviona. Mwaka wa 2008, Amina Abubakar na wenzake walichapisha kipimo kilichotengenezwa Kilifi kwa watoto wadogo wa mazingira ya Kilifi, cha kuangalia wanavyotambaa, wanavyotembea na wanavyotumia mikono na macho. Hayo ni maendeleo makubwa, maana mtoto wa pwani sasa alipimwa kwa mambo anayoyafahamu.

MTOTO ASIYEITIKA

Kuna mtoto mwingine, ambaye hana homa wala kuanguka. Ni mzuri wa sura, anakimbia, anakula. Lakini ukimwita jina lake hageuki, kana kwamba hasikii, ilhali akisikia karatasi ya peremende ikifunguliwa chumba cha pili anakuja mbio. Hakuonyeshi kitu kwa kidole. Anaweza kupanga makombe ya baharini mstari mmoja asubuhi nzima, na ukiuharibu mstari wake atalia kana kwamba amefiwa. Pengine alianza kusema maneno mawili matatu, halafu yakapotea.

Hali hii huitwa usonji. Nchini Marekani daktari Leo Kanner aliieleza mwaka wa 1943, na hata huko kwa wenye mahospitali makubwa, kwa miaka mingi baadaye, wataalamu walimsingizia mama. Walisema amemnyima mtoto mapenzi. Kwa hiyo mama wa Bodo anayeambiwa amemharibu mtoto kwa kupita kaburini usiku, na mama wa Chicago aliyeambiwa ana moyo baridi, walitiwa lawama moja. Wote wawili hawakuwa na kosa. Usonji huanza na namna ubongo unavyojengwa, aghalabu kabla mtoto hajazaliwa. Wala hauletwi na chanjo. Makala ya mwaka wa 1998 yaliyozua uvumi huo yalifutwa na jarida lililoyachapisha, mwaka wa 2010.

Usonji hauna dawa ya kumeza ya kuuondoa, lakini mtoto hufunzika. Anapoanza kufunzwa mapema, kwa picha, kwa ishara, kwa kurudia jambo moja kila siku, wengi hupata njia ya kueleza wanachotaka. Hapo ndipo jina lisilo sahihi linapouma zaidi. Mtoto huyu huambiwa ni bubu, au mtukutu asiye na adabu, na akachapwa kwa kosa la kutosikia asichoelewa. Au jamaa hufarijiana kwamba babake pia alichelewa kusema. Faraja hiyo ni tamu, na imewapotezea watoto wengi miaka mitatu minne ambayo hairudi. Wahenga walituachia neno: samaki mkunje angali mbichi.

KIJANA ALIYENYAMAZA

Tukitoka kwa watoto wadogo, pita jioni penye mashua zilizoegeshwa utazame vijana. Wapo wanaocheka na kupigiana kelele, na yupo aliyejitenga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja katika kila saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2021 kwa vijana wa miaka 10 hadi 17 ulikuta asilimia 44 wana dalili za tatizo fulani la akili, na asilimia 12 hivi wanatimiza vipimo vya ugonjwa kamili.

Huzuni ya kijana haivai nguo za huzuni. Huja kama hasira, kama uvivu, kama kulala mchana kutwa au kutolala kabisa, kama kuacha mpira alioupenda. Pwani ya kusini ina mizigo yake juu ya hiyo. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka wa 1988, nyumba nyingi zilipoteza mshahara, na watoto wa nyumba hizo ndio wazazi wa leo. Karibu na hoteli za Diani kuna fedha za haraka, na kuna unga. Kijana mwenye maumivu yasiyo na jina hujitafutia dawa mwenyewe, nasi tukamwita mhuni.

Sheria nayo imebadilika. Zamani Mkenya aliyejaribu kujiua alishtakiwa kama mhalifu. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Maana yake kwa mzazi ni hii: mwanao akikuambia amechoka na maisha, huna haja ya kumficha. Keti naye, msikilize bila kumkaripia, usimwache peke yake, na siku hiyo hiyo mtafute mhudumu wa afya.

KUTOKA BODO HADI KWA DAKTARI

Sasa irudie ile njia uliyokuja nayo asubuhi, lakini uitembee kama mama mwenye mtoto wa miaka mitano asiyeweza kukaa, mwenye mtindio wa ubongo. Kama anatoka Funzi, anaanza kwa mashua na anangoja maji. Bodaboda hadi lami, mtoto amefungwa kwa leso mgongoni ingawa miguu yake imeshafika magotini mwa mama. Matatu hadi Msambweni, kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti. Akiambiwa aende Mombasa, ni matatu nyingine, kisha kivuko, au azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Ugonjwa wa akili unaweza kumfikisha hadi Port Reitz. Siku nzima imekwisha, na nauli imekula samaki wa wiki. Mganga yuko umbali wa kutembea, na anakubali kulipwa polepole. Usiulize basi kwa nini alianza kwa mganga.

Hata hivyo zipo hatua zinazofaa kujulikana. Ya kwanza ni zahanati ya karibu au mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye anaweza kumwandikia barua. Ya pili ni kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu. Vituo hivi vilianzishwa mwaka wa 1984, miaka miwili kabla ya Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, na kazi yao ni kumpima mtoto na kumwelekeza shule inayomfaa. Ya tatu ni kumwandikisha mtoto katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, na haikusema isipokuwa asiyesema. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliporekebishwa mwaka wa 2022, ilizitwika serikali za kaunti wajibu wa huduma hizi. Mzazi anayeijua haki yake huingia ofisini kwa mlango wa mbele.

Na yule mwalimu wa madrasa, imamu, hata mganga mwenyewe, wasiachwe nje. Dua na kidonge havijapata kugombana. Imamu akisema baada ya sala kwamba kifafa kina dawa hospitalini, atasikiwa na watu ambao daktari hatawafikia kwa mwaka mzima.

WEWE WA MJINI

Huenda unasoma haya ukiwa Buruburu au Tudor, ukashukuru kwamba hospitali iko karibu. Shukuru, lakini jiulize pia. Katika majumba yetu ya ghorofa wapo watoto waliofungiwa chumba cha nyuma mgeni anapobisha. Mtoto wa kijijini amekosa daktari, lakini ana uwanja, na kila mtu anamjua jina lake na kumrudisha kwao akipotea. Mtoto wa mjini ana daktari vituo viwili vya matatu, lakini hana jirani anayejua kwamba yupo. Mficha maradhi kilio humfichua, na kuta za saruji huficha vizuri kuliko za makuti.

Wengi wetu tuna shangazi, binamu au nyanya katika vijiji kama Bodo. Nenda likizo hii, ule samaki, upande mashua hadi Funzi. Na jioni mkiwa barazani, akitajwa mtoto wa jamaa ambaye "yuko vile vile tu", usiulize amefanywa nini wala na nani. Uliza ana miaka mingapi, na kama amewahi kufikishwa Msambweni. Ikiwa bado, basi nauli ya safari hiyo ndiyo zawadi ya kwenda nayo.